Masta ya Kiingereza cha kale ilinitoa jasho, mzee Skeat akanivusha

Tangu nirudi na masta yangu ya historia ya lugha ya Kiingereza meseji hazikatiki. Wengi ni walimu wa sekondari na vijana waliomaliza digrii ya lugha, wanauliza ile kozi ikoje, inalipa, mbona watu wanaiogopa, na ukitoka hapo unafanya kazi wapi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwaiyo namwaga yote hapa, ni ndefu, vumilieni. Na nitamtaja sana mzee mmoja wa Cambridge aliyefariki 1912, Walter William Skeat, mana bila kazi zake mimi ningerudi nyumbani mikono mitupu.

Tuanze na hela maana ndio mnachouliza kwanza. Skolashipu yangu ililipa ada ya chuo na tiketi, basi. Ile ada ya huduma ya afya inayolipwa pamoja na viza unailipa yote kwa mkupuo kabla hata hujapanda ndege, dipoziti ya chumba nayo inakusubiri, na hela ya kujikimu ya wafadhili ilikua inafika imechelewa, kuna mwezi nilikula wali na maharage ya kopo mpaka nikawa nauchukia wali, mimi mtu wa Tanga. Kama hamna ndugu wa kukukopesha hela ya mwezi wa kwanza na wa pili, subiri ukusanye kwanza ndio uondoke. Sikutishi, nasema tu.

Na familia nayo uiandae. Siku nimepiga simu kuaga:
"Shikamoo baba mdogo."
"Marahaba mwanangu. Nasikia unaenda Ulaya, kusomea nini tena?"
"Historia ya Kiingereza, baba mdogo. Maneno yao yalitoka wapi."
"Maneno yao? Kwani wenyewe hawajui?"
Nikacheka lakini swali halikuniacha, na kusema ukweli jibu lake ndio hii stori yote, kwamba ndio, walikua hawajui, ilibidi mtu akae chini atafute.

Madarasa yalipoanza nilipata mshtuko wa aina mbili. Mmoja mbaya: Kiingereza cha Kale, kile cha kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza 1066, hukielewi hata kidogo, unaweza ukafundisha Kiingereza miaka yote ila ukipewa ukurasa wa mahubiri ya Ælfric, mtawa wa zama hizo, unakaa kama umepewa Kijerumani kilichoandikwa na daktari. Nomino zinabadilika mwisho kutokana na kazi yake kwenye sentensi, vitenzi vina makundi, usiku nilikua nalala na majedwali kichwani na asubuhi hamna kitu. Nililia, tusidanganyane. Mshtuko wa pili ukawa mzuri. Wenzangu Waingereza walikua wanahangaika na jinsia za maneno, kwamba wif, yaani mwanamke, neno lenyewe halina jinsia ya kike, ni la tatu kule, si kiume si kike, na wifmann ambalo pia ni mwanamke likawa la kiume. Wao wanauliza kwanini, mimi nashangaa wanachoshangaa, mtu uliyekua na ngeli tangu utotoni, ambaye unajua gari ni li-ya na hujawahi kuuliza sababu, hilo halikusumbui, unakariri upatanisho unasonga. Kwaiyo Mswahili ukienda huko usijione mnyonge, kuna sehemu unaanzia mbele yao.

Ikaja tasnifu. Msimamizi wangu alitaka nichague msomi mmoja nifuatilie alichangia nini, akanipa majina, na jina la Skeat nililichukua kwa sababu maisha yake yalinipa moyo. Huyu bwana alizaliwa London 1835, Cambridge alikosoma hakusoma lugha, alisoma hesabu na dini. Akawa mchungaji msaidizi East Dereham kule Norfolk, baadaye Godalming, afya ikamgomea, ndoto ya uchungaji ikaishia hapo. Akarudi Cambridge 1864 kufundisha hesabu chuo cha Christ's. Wanafunzi wachache, muda anao, akaanza kuchimba Kiingereza cha zamani. Mwaka huohuo jamaa mmoja machachari, Frederick Furnivall, akaanzisha chama cha kuchapa maandishi ya kale kinaitwa Early English Text Society, akamfuata Skeat amharirie shairi moja la Kiskoti, Lancelot of the Laik, muswada wake, yaani nakala ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, ulikua hapohapo Cambridge. Skeat akamwambia mimi sijawahi kusoma muswada wa kale. Akajibiwa utajifunza. Na kweli akajifunza, kitabu kikatoka 1865. Mtu wa hesabu, kanisa limeshindikana, anaanzia sifuri karibu na miaka 30! Mimi niliyekua najiona nimechelewa nikatulia kidogo.

Sasa kuhusu hiyo miswada, hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wengi wanapokwama. Chumba cha kusomea miswada huingii na kalamu ya wino, ni penseli tu, begi linabaki kwenye loka, kitabu kinalazwa juu ya mto wa sponji na kurasa zinashikwa na kamba nzito kama nyoka. Mwandiko wenyewe sasa. Herufi i, n, m, u kwa waandishi wengi wa zama hizo ni vijiti vifupi vinavyofanana, kwaiyo zikifuatana unaona msururu wa vijiti kumi na kitu na kazi yako ni kuamua wapi herufi moja inaishia. Aliyewahi kusoma utenzi wa zamani ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu, nukta zimerukwa, be na te huzijui, ananielewa. Mimi madrasa ilinisaidia hapo, sio kwa herufi zenyewe, kwa ule uvumilivu wa kusoma sentensi nzima kwanza ndio urudi kwenye neno.

Pointi ya hela hapa: kabla hujakata tiketi ya basi kwenda maktaba yoyote kubwa ya huko, angalia kama muswada unaoutaka umeshapigwa picha ukawekwa onlaini, mingi ipo bure, na ikiwa ipo mara nyingi hata wakikuona mlangoni hawakupi ule wa ngozi. Pia kadi ya msomaji inataka kitambulisho, uthibitisho wa makazi na wakati mwingine barua ya msimamizi, na muswada unauagiza mapema. Nilimuona dada mmoja kutoka bara lingine kabisa amesafiri usiku kucha, kafika hana barua, karudishwa. Picha ukitaka kuichapisha kwenye kazi yako nayo unaweza kudaiwa malipo, uliza mapema.

Kazi kubwa ya Skeat kwenye miswada ni shairi la Piers Plowman la William Langland, la karne ya 14. Kabla yake watu waliona nakala hazifanani, wachache wakahisi kuna zaidi ya toleo moja. Yeye akapitia miswada zaidi ya 40, akaonesha kwamba hamna shairi moja lililoharibiwa na wanakili, kuna matoleo matatu, mshairi mwenyewe alikua anarudi kuliandika upya. Akayaita A, B na C, akayachapa 1867, 1869 na 1873, halafu 1886 akayapanga sambamba ukurasa mmoja uyaone yote. Mpaka leo wasomi wanabishana kuhusu hilo shairi lakini wanabishana kwa kutumia herufi zake, A, B, C. Alihariri pia Injili za Kianglo-Saksoni, yaani hichohicho Kiingereza cha Kale, maisha ya watakatifu ya Ælfric, na mshairi Chaucer mzima, majuzuu 6 mwaka 1894 na la nyongeza 1897. Nyingi ya hizi alizifanya akiwa profesa wa Kianglo-Saksoni, kiti alichokalia wa kwanza kabisa Cambridge 1878. Mimi nikiulizwa alimzidi nini mwenzake yeyote wa wakati ule nasema hivi: alisoma maandishi kwanza, kamusi baadaye. Wengi wanaojiita wataalamu wa asili ya maneno wanaanzia kwenye kamusi na kuishia kwenye kamusi.

Kamusi yenyewe, ya asili ya maneno ya Kiingereza, ilitoka kwa mafungu kuanzia 1879 hadi 1882, wakati ile kamusi kubwa ya Oxford bado haijatoa hata fungu la kwanza, lilitoka 1884. Na kwenye dibaji kuna sehemu ilinibadilishia maisha. Anasema neno gumu alikua analipa kama saa tatu. Ndani ya hizo saa tatu anafanya awezalo, zikiisha anaandika alichofikia na analiacha. Mtu mmoja, maelfu ya maneno, angengoja uhakika kamili angekufa yupo kwenye herufi B. Mimi nilikua na tabia ya kukaa na neno wiki nzima, nikaanza kuweka alamu kwenye simu. Ikilia naandika nilichonacho, naweka alama ya kuuliza pembeni, nasonga. Sura iliyokua imeniganda ikaanza kutembea. Ila muelewe, Skeat aliacha neno halafu akalirudia: toleo la nne la 1910 amelipitia upya na kulipanga upya lote, kuna maneno maelezo yake sio yale ya 1882 kabisa, na hajifichi. Kwaiyo ukimnukuu Skeat taja toleo. Bila hivyo mtahini atakuuliza Skeat yupi, na atakua na haki.

Kwenye hiyohiyo kamusi ameweka kanuni zake za kutafuta asili ya neno, na mimi ningependa zibandikwe kwenye kila grupu la WhatsApp la familia. Ya kwanza, kabla hujasema neno limetoka wapi tafuta umbo lake la zamani kabisa na lilitumikaje, na uheshimu miaka. Nyingine, angalia historia na jiografia, watu wanaazimana maneno wakiwa wamekutana kweli. Nyingine, fuata kanuni za sauti, hasa konsonanti. Na ile niipendayo, kwamba maneno ya lugha zisizo na uhusiano yakifanana kwa sura na maana kwa kawaida ni kiinimacho, usiyajali.

Hii ya mwisho ilinitokea nyumbani. Baba mdogo alituma kwenye grupu meseji ndefu imezungushwa mara nyingi, inasema Waingereza wametuibia: cut ni kata, earth ni ardhi. Watu wameweka makofi. Sasa wewe ndio msomi wa familia unafanyaje? Nilianza na shikamoo, halafu nikaeleza polepole. Kata ni neno la Kibantu lenyewe, ukienda kwenye Kilingala kule Kongo unalikuta kata hivohivo, ni urithi wa zamani sana. Cut ya Kiingereza haionekani kwenye maandishi ya Kiingereza cha Kale, inajitokeza mwishoni mwa karne ya 13 na wengi wanadhani ilitokea upande wa Skandinavia. Waliokua wanasema kata na waliokua wanasema cut wakati ule walikutania wapi? Na ardhi ni Kiarabu, earth ina ndugu zake Wajerumani wanasema Erde, ni koo mbili tofauti zilizogongana kwa sura. Baba mdogo akajibu "sawa mwalimu", siku ya pili akatuma nyingine. Haya.

Lakini si kila kufanana ni uongo, na hapa ndipo utamu ulipo. Kuna mfano niliuweka kwenye tasnifu na mtahini aliupenda. Nyoka adder kwa Kiingereza zamani alikua na n mbele. Kwenye Injili za Kianglo-Saksoni, pale Yohana Mbatizaji anapowaita Mafarisayo kizazi cha nyoka, wameandika næddrena cyn, n iko wazi kabisa, na Wajerumani mpaka leo wanasema Natter. Watu wakawa wanasikia "a nadder" kama "an adder", n ikahamia upande wa pili. Ukishajua hilo unashawishika kusema na orange imepata yaleyale, maana sisi huku pwani tunalo narinji na n yetu ipo, Wahispania wana naranja, lilipitia kwa Waarabu na Waajemi. Inapendeza eeh? Ila rudi kwenye kanuni ya kwanza, tafuta umbo la zamani. Neno lilipoingia Kiingereza kutoka Kifaransa lilikua tayari ni orenge, n ilishadondoka huko njiani kabla halijavuka bahari. Matokeo yanafanana, njia tofauti, na Waingereza kwenye hili hawana kosa. Dakika ishirini za kufungua tarehe zinakuokoa na aibu ya ukurasa mzima.

Sasa kitu kilichomuumiza mwenzetu mmoja darasani, kijana mpole, alijenga sura nzima juu ya neno adimu alilolikuta kwenye kitabu kilichochapwa karne ya 19. Akalitafutia ndugu kwenye Kifaransa, akalitafutia kwenye Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, vizuri kabisa. Msimamizi akamuuliza muswada unasemaje. Kwenda kuangalia muswada, neno halipo, mchapaji alisoma vibaya. Miezi imepotea. Na Skeat alishalionya hilo 1886, alipokua rais wa Philological Society, chama cha wasomi wa lugha, alitoa hotuba kuhusu maneno ya namna hiyo akayaita maneno mizimu, jina hilo alilitunga yeye, yaani neno ambalo halijawahi kutamkwa na binadamu, limezaliwa na kosa la mchapaji au la mhariri. Mfano wake maarufu unatoka kwenye riwaya ya Walter Scott, The Monastery, pana mtu anaulizwa kwanini ana-morse mawazo ya kuua. Wasomaji wakaja na maelezo, mmoja akalihusisha na Kilatini cha kuuma, mwingine na kushindilia baruti kwenye bunduki. Kumbe Scott aliandika nurse, mtu analea mawazo ya kuua, mpanga herufi akaona vijiti vya n na u akasoma mo. Wajuzi walilipa asili neno lisilokuwepo! Nikiona mtu anaeleza asili ya neno kwa kujiamini sana huwa nakumbuka hiyo morse.

Kwa haraka, alianzisha pia chama cha lahaja za Kiingereza 1873, maneno ya wakulima na wavuvi yakaanza kukusanywa kama mali, na ile hazina ndio ikaja kuwa kamusi kubwa ya lahaja ya Joseph Wright, aliyefanya kazi kiwandani utotoni na kujifunza kusoma akiwa kijana mkubwa. Huku kwetu anayekusanya Kimtang'ata au Kimakunduchi anachekwa. Naacha hapo.

Mabaya yake pia niseme. Skeat alikua mkali kupita kiasi kwa wanaokisia, majibu yake kwenye jarida la Notes and Queries ni fimbo tupu, na mara nyingine ukiyasoma usiku ukiwa umechoka unahisi anakupiga wewe. Na kazi yake imepitwa sehemu nyingi, lazima. Mwanafunzi anayeishia kwa Skeat peke yake atafelishwa. Mpangilio ulionifaa mimi ni huu: neno naanza kulitazama kwa Skeat nipate ramani fupi, nakwenda kamusi ya Bosworth na Toller kwa Kiingereza cha Kale, halafu ile ya Michigan ya Kiingereza cha Kati, kile kilichofuata baada ya cha Kale, hizo mbili zipo bure onlaini, mwisho kamusi ya Oxford kupitia akaunti ya chuo. Akaunti ya chuo inafungwa ukimaliza, kwaiyo chukua vyako mapema.

Kazi sasa, maana najua mnasubiria hapa. Tangazo la kazi lililoandikwa "anatafutwa mtaalamu wa asili ya maneno" sijawahi kuliona Dar wala Nairobi. Nilirudi nikakaa bila ajira muda mrefu kuliko nilivyotegemea, majirani wakaanza kuuliza kwa upole. Nafundisha sasa, na pembeni nahariri na kutafsiri, na humo ndimo ile kozi inanilipa, macho ya kutilia shaka chapa. Ukienda kwa kutegemea mshahara mkubwa usiende. Ukienda kwa sababu maneno yanakukosesha usingizi, nenda, ila jifunze Kifaransa kidogo kabla, na Kilatini cha kusomea tu kamusi, vitakupunguzia machozi.

Mwisho kabisa, vitabu. Msidanganywe mkanunua nakala za Skeat zilizochapwa upya kwa bei ya mbuzi, alishafariki zaidi ya miaka mia, kazi zake zipo huru kwenye maktaba za intaneti, pakua toleo la 1910 la kamusi na uangalie nyongeza za mwishoni. Na ukitafuta neno ndani ya pdf usiamini kompyuta ikikwambia halipo, ile þ ya Waanglo-Saksoni inasomwa kama p au b, ile ȝ inageuka 3, neno lipo ila limeandikwa kitu kingine. Fungua ukurasa wenyewe usome kwa macho yako.